Jembe Lilianzia kwa Bosko

Nilimwahidi Mama Leokadia, siku tuliyoagana, kwamba kila nitakaposimulia njaa yetu nitamtaja na Bosko. Basi sikiliza, mwanangu, nisije nikachoka kabla sijamfikia. Siku hizi nachoka upesi.

Nilikuwa kijana wa Nyamigogo, fundi uashi, nikavuka mpaka kufuata kazi katika mji ambao sina haja ya kuutaja. Vita vikauzingira. Barabara zilifungwa, soko likabaki meza tupu, na mizinga ikawa inatuamsha kabla ya jogoo, maana jogoo tulikwisha kuwala. Mgeni ni kuku mweupe. Kila nilipopita nilitazamwa. Mama Leokadia, mjane aliyenipangisha chumba, alinilea kama mwanawe. Uani mwake palikuwa na matuta ya viazi vitamu. Viazi hivyo ndivyo vilivyotutenga na kifo, sisi na mjukuu wake Adela, ambaye alikuwa ameacha kulia kwa kukosa nguvu.

Bosko alikuwa jirani yetu. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na cherehani. Lakini alikuwa wa kabila moja na wale waliotuzingira, na watu waliacha kupeleka nguo kwake. Asubuhi moja kombora lilianguka kwenye nyumba yake, akafa. Hakuna aliyekwenda.

Nami nilichukua jembe nikaenda kuchimba viazi. Mama Leokadia akanishika mkono.

"Kwenu watu hulima jirani akiwa amelala ndani hajazikwa?"

"Hapana, Mama. Lakini kwetu hakuna mizinga."

"Sikukuuliza habari za mizinga."

"Adela hajala tangu jana. Tena huyu ni wa kwao. Tukionekana tunamzika, watu watasema."

"Watasema nini? Kwamba tumemfufua?" Aliniachia mkono. "Jembe tunalo moja. Lianzie kwa Bosko, kisha lije kwenye viazi. Na usichelewe, mtoto ana njaa."

Nilikasirika, mwanangu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini yule mama alikuwa na njaa kunizidi, kwa hiyo hata methali hiyo sikuweza kumtupia. Nikaenda. Njaa mwana malegeza. Kila pigo la jembe lilinitoa jasho la baridi.

Mzee Sefu, fundi baiskeli wa nyumba ya pili, ndiye aliyekuwa akimsema Bosko kuliko wote. Alisimama mlangoni pake akinitazama kwa muda mrefu. Mwishowe akaja.

"Wewe fundi, hilo kaburi ni la mtu au la kuku? Hebu nipe hapa."

Alilichukua jembe, akachimba. Mwanamke mmoja akatoa kanga yake, nadhani ya pekee iliyokuwa nzima. Tulimzika Bosko, tukanawa, ndipo jembe likaingia kwenye matuta. Adela alikula mchana ule, na Mama Leokadia akamega kiazi akampa Mzee Sefu.

Sikudanganyi kwamba wema huo uliondoa mzingiro. Jioni mizinga ilirudi, na tuliendelea kuzika. Lakini tangu siku ile hakuna maiti wa mtaa wetu aliyeulizwa kabila kabla ya kufunikwa, na walio hai nao wakapata mahali pa kuombana chumvi.

Hii ndiyo nasaha yangu. Adui wa nje huweza kukufungia barabara. Lakini ukianza kuchagua nani anastahili kuliliwa, umemfungulia mlango wa ndani mwenyewe. Desturi za wazee huonekana nyepesi wakati wa shibe. Uzito wake utaujua siku itakapokugharimu kuzishika.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na siku yako itakapofika akupe majirani wenye mikono.

Yupo mtu kijijini kwenu ambaye watu wamekwisha kukubaliana, bila hata kikao, kwamba hawatakwenda msibani kwake. Unamjua. Nakuomba uende.