Walipima, Hawakuambiana

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maktaba wa chuo kikuu chetu alinipeleka kwenye chumba kisicho na dirisha, akanionyesha makabati ya chuma yaliyojaa diski na mafaili.

"Binti," akasema, "utafiti wa chuo kizima umo humu. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna kinachotoka."

"Na mtu wa idara nyingine akitaka kusoma?"

"Atamwomba mwenyewe. Mwenyewe akikataa, amekataa."

Nilikuwa mgeni wa kazi, nikaitikia, "Sawa, mzee," nikapokea funguo. Leo nimestaafu, naishi hapa Msasani, mjini Tukuyu, na maneno yale bado yananikera. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi ya kuhifadhi data. Mna mashine nzuri kuliko zetu, mna intaneti, mnaweza kutuma kwa dakika kitu ambacho sisi tulikibeba kwenye mfuko wa nailoni. Lakini naambiwa mambo mengine hayajabadilika, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwanza niwaeleze kazi ilivyokuwa. Mtafiti akirudi kutoka uwandani alituletea seti yake ya data, yaani vipimo vyote vya utafiti mmoja vikiwa pamoja: mvua, udongo, damu ya mifugo, majibu ya wanakijiji. Mimi nilitengeneza nakala rudufu, nikaiweka mahali pengine ili ya kwanza ikiharibika kazi isipotee. Kisha nilimbana mtafiti anipe maelezo ya data: nani alipima, wapi, kwa chombo gani, kwa kipimo gani. Wengi walichukia sehemu hiyo. Mhadhiri mmoja aliniletea safu ndefu ya namba, nilipomuuliza kama ni sentimita au milimita akasema, "Mimi mwenyewe najua." Alipohamia chuo kingine aliondoka na ujuzi wake, na zile namba mpaka leo hakuna anayeweza kuzitumia.

Kutoka maktaba nilihamishiwa Idara ya Jiolojia, chini ya Profesa aliyekuwa Mkuu wa Idara. Sitamnyima haki yake, alikuwa hodari. Alipanda Mlima Rungwe na mvua yake, akala ndizi za kuchoma na vibarua, akatufundisha kusoma viwianishi, zile namba zinazoonyesha mahali hasa kitu kilipo duniani. Nilimheshimu sana. Baadaye chuo kilipofungua kituo cha utafiti hapa Tukuyu, nikapangiwa kuhifadhi data za idara zote za kituoni. Jiolojia walipewa jengo la kushoto, Idara ya Tiba ya Mifugo jengo la kulia. Katikati palikuwa na uwanja mdogo wa nyasi ambapo madereva waliosha magari. Watu wa majengo yote mawili walikunywa chai kwenye kantini moja, wakaulizana habari za watoto na za Simba na Yanga. Habari za kazi hawakuulizana.

Ndipo yakatokea mambo ya Suma.

Upande wa Suma kulikuwa na mjane, Bibi Tupokigwe, aliyeishi peke yake kando ya bonde dogo. Juu ya bonde alikuwa na migomba yake, na chini palikuwa na majani mabichi mwaka mzima, kwa hiyo majirani walipeleka mifugo huko. Mbuzi wakaanza kufa. Mtu alimfunga mbuzi wake alfajiri, akirudi anamkuta amelala kama aliyesinzia, hana jeraha wala povu mdomoni. Kisha wakafa ndama. Wanakijiji walipotafuta sababu, macho yao yalitua kwenye nyumba ya karibu. Mjane, mzee, anaishi peke yake, na mbuzi wake mwenyewe hafi kwa sababu hamfungi bondeni. Mnajua maneno yanavyokua.

Daktari wa mifugo aliyepewa kazi ile alikuwa Zuhura, binti wa Tukuyu hapa hapa, baba yake ana duka la vitambaa karibu na soko. Alipasua mizoga, akachukua damu, akachukua majani. Alitafuta kimeta, akatafuta sumu. Hakupata kitu. Aliniletea data zake akiwa amechoka.

"Shikamoo, Mama Lusajo," akaniambia. "Nimeandika chanzo hakijulikani. Naona aibu. Wale watu wanamwangalia yule bibi vibaya."

Nilizipokea, nikaanza kuandika viwianishi vya mahali kila mzogo ulipokutwa. Vidole vikanisimama. Namba zile nilikuwa nimeziandika kabla, kwenye data za Jiolojia. Profesa na vijana wake walikuwa wamepima hewa inayotoka ardhini katika mabonde kadhaa ya wilaya, na bonde lile lilikuwamo. Milima yetu ni ya volkano, na sehemu nyingine ardhi hutoa hewa ukaa, ile ile inayotiwa kwenye soda. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Asubuhi isiyo na upepo hulala chini bondeni, haina rangi, na kwa kipimo kile haikuwa na harufu. Kiumbe kinachoinamisha kichwa kula majani huivuta, kinalegea, kinakufa. Jua likipanda na upepo ukianza, hewa inatawanyika, na mwenye mbuzi akija anasimama pale pale bila kudhurika, anabaki kushangaa.

Data hazikuwa zangu, na sheria ya kazi ilinikataza kuzitoa. Haikunikataza kusema zipo. Nilimwambia Zuhura siku ile ile, "Vuka kwenye jengo la pili, uwaulize kama wamepima hewa bondeni kwako." Alivuka, akarudi amenyong'onyea. Ameambiwa data ziko katika uchambuzi. Bila vipimo mkononi, kijijini nani angetuamini? Basi nikaenda mwenyewe kwa Profesa.

"Mama Lusajo," akaniambia, "data ni kama shamba. Huwezi kulima wewe akavuna jirani."

"Jirani hataki kuvuna, Profesa. Anataka kujua mifugo ya watu inakufa na nini."

"Makala ikitoka ataisoma kama watu wengine."

"Itatoka lini?"

"Wahakiki ndio wanaojua." Wahakiki ni wataalamu wanaosoma makala kabla haijachapishwa, na hawana haraka.

"Kuna mama wa watu anasingiziwa uchawi kule."

Alivua miwani. Nilidhani maneno yamemgusa. Akasema, "Hilo ni suala la serikali ya kijiji. Sisi ni wanasayansi."

Nikavuka kwa Mkuu wa Idara ya Tiba ya Mifugo, nikitumaini yeye ataandika ombi rasmi na kutoa data zake apewe za wenzake. Naye akakunja uso. "Wao watupe kwanza. Tuliwaomba ramani ya udongo, walitujibu? Hata salamu hawakuturudishia."

Nilitoka nje nikasimama pale kwenye nyasi, dereva mmoja anasugua gari. Kushoto wanajua hewa, hawana habari ya mizoga. Kulia wana mizoga, hawana habari ya hewa. Hata jiwe ukilirusha kutoka dirisha moja linafika dirisha la pili. Nilijaribu kwa Msimamizi wa Kituo, akaniambia hawezi kuingilia mambo ya idara. Miezi ikapita hivyo.

Kisha Zuhura akanipigia simu kutoka Suma, analia. Walikuwa wamekata migomba ya Bibi Tupokigwe. Kwa msomaji asiye wa huku: kwetu mgomba ni chakula, ni kivuli, ni mpaka, ni urithi wa watoto. Anayekukatia migomba anakuambia hatutaki kukuona hapa. Nilikwenda nikaiona imelala chini yote, mingine ikiwa na mikungu ambayo haijakomaa, maji yake yakichuruzika. Mlango wa nyumba ulikuwa umeng'olewa. Bibi mwenyewe, binti yake alikuwa amekuja kumchukua, amempeleka kwake Kyimo.

Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayesimamia utafiti alikuwa na ziara kituoni juma lile. Walimwandalia wasilisho, maua, na wali kuku. Alipouliza kama kuna mwenye swali, nikasimama. Nilieleza yote, Zuhura akasimama pembeni yangu akaeleza ya kwake.

Naibu Makamu akamgeukia Profesa. "Ni kweli mmepima hapo?"

"Tumepima, lakini kabla ya kuchapisha..."

"Sijakuuliza kuchapisha. Hewa hiyo inaua mbuzi?"

Profesa akajibu kwa sauti ndogo, "Inaweza kuua hata mtu."

 Watoto wa kijiji kile ndio wanaopeleka mbuzi malishoni.

Kesho yake alfajiri idara zote mbili zilikwenda Suma kwa gari moja, mara ya kwanza toka kituo kifunguliwe. Kijana wa Jiolojia alifunga taa ya chemli kwenye ncha ya ufito mrefu, akaiwasha, akaishusha bondeni taratibu mbele ya wanakijiji. Ilipokaribia majani ikazimika. Akaitoa, akaiwasha, akaishusha tena, ikazimika. Mwenyekiti wa kijiji alivua kofia yake. "Basi tumemkosea mama yule," akasema. Bonde likazungushiwa uzio siku ile ile. Kazi yote haikuzidi asubuhi moja, na ilikuwa imesubiri mwaka na zaidi.

Nilikwenda Kyimo pamoja na Zuhura kumwambia Bibi Tupokigwe. Tulimkuta anamenya ndizi nyuma ya nyumba ya binti yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndaga, wanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Kwa hiyo kuna waliokuwa wanajua?"

"Walikuwapo, bibi."

"Wamegombana na hawa wa mifugo?"

"Hapana. Wanakunywa chai pamoja."

Alirudi kumenya ndizi. Baadaye akasema hatarudi Suma. Wanaume waliokata migomba yake anawajua kwa majina, mmoja wao bibi mwenyewe alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Kanisani waliombewa wote, yeye na wao, wakapeana mikono, mambo yakasemwa yameisha. Hakuna hata mmoja aliyerudi kumpandia mgomba. Alifia Kyimo.

Makala ya Profesa ilitoka, nzuri kweli, ina data za idara zote mbili, na jina la Zuhura liko mwisho. Profesa alialikwa kwenye warsha kuzungumzia faida za kushirikishana data. Alipigiwa makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nimeshika kiti kwa mikono miwili nisije nikainuka.

Jambo moja la maana lilitoka huko. Naibu Makamu aliunda kamati ya sera ya data huria, yaani data zilizo wazi kwa kila anayezihitaji, ilimradi ataje zilikotoka. Mimi nikawa katibu. Tulibishana mno. Wengi walisema wataibiwa. Mhadhiri mmoja wa sosholojia alikuwa na hoja ya haki: majina ya watu waliohojiwa na habari za wagonjwa zisiwekwe wazi. Tulikubaliana naye, tukaandika kwamba majina yaondolewe kwanza. Mengine yote yawekwe wazi baada ya muda uliopangwa, na yanayohusu uhai wa watu yafunguliwe siku ile ile yanapopokelewa. Sentensi hiyo ya mwisho walitaka kuifuta mara nyingi. Niliirudisha kila mara.

Nilipostaafu waliniandalia keki, wakanisifu kwa uvumilivu. Sikuvumilia, nilishindwa kuwashinda mapema, na mama wa watu akapoteza kwake.

Majuzi mhadhiri mmoja kijana wa afya ya jamii alibisha hodi nyumbani. Anatafuta vipimo vya maji ya chemchemi, watoto wa vijiji fulani wanaumwa matumbo. Kituoni wamemwambia aombe kibali cha mkuu wa idara, na mkuu wa idara yuko safarini. Nilimkaribisha chai. Alipomaliza nilivaa viatu, tukapanda kituoni pamoja.

Mhifadhi wa sasa ni binti mpole. Alinisalimu kwa heshima, akasema, "Mama, naogopa. Wakubwa watanifokea."

"Watakufokea," nikamwambia. "Mimi walinifokea miaka. Sera ile pale ukutani nyuma yako, nimeiandika mimi. Fungua."

Aliigeukia, akaisoma, akavuta kiti chake karibu na kompyuta. Nami nilisimama pale pale mpaka faili la mwisho lilipoingia kwenye flashi ya yule kijana.