Uwanja wa Mtu Mmoja

Kila jioni, tangu msimu wa wageni ufunguliwe mpaka ufungwe, Tsambikos aliinua meza kwa meno. Haikuwa meza kubwa, lakini ilikuwa meza, yenye kitambaa cha buluu na chupa tupu juu yake, na meno yalikuwa yake mwenyewe, jambo ambalo si kila mwanamume aliyevuka hamsini kijijini kwetu anaweza kujivunia. Wageni walipiga makofi, wakapiga picha, wakavunja sahani za plasta ambazo Savvas, mwenye mgahawa, aliziagiza kwa makatoni. Yote hayo yalifanyika jua likiwa bado linachoma. Watu wa kaskazini hula chakula cha jioni saa ambayo sisi wa Rodos, kisiwa cha Ugiriki, ndiyo kwanza tunajinyoosha kutoka usingizi wa mchana.

Hakuzaliwa kuwa kichekesho. Mama yake alikaa miaka bila mtoto, akapanda kilima cha Bikira Tsambika kwa magoti mpaka kwenye kikanisa kule juu, na alipojifungua akampa mtoto jina hilo kama wafanyavyo wanawake wa kisiwa hiki. Mtoto wa nadhiri akakua na miguu ya ajabu. Kwenye sherehe za watakatifu, akishika leso na kuongoza mstari wa ngoma, hata vikongwe walisogeza viti mbele ili waone vizuri. Baadaye akawa fundi wa lipu kama baba yake, kisha kazi ya lipu ikakauka, akaenda kubeba sinia pwani kwenye mahoteli. Savvas alimwona akicheza kwenye harusi ya mpishi, na kesho yake akampokonya sinia mkononi.

"Sinia hata punda anaweza kubeba," alimwambia. "Wewe utanichezea."

Ndivyo alivyoanza. Watu husema ngoma haijazi tumbo, lakini yeye ilimjazia. Kwa ngoma alijenga ghorofa ya juu ya nyumba, kwa ngoma akamsomesha uuguzi binti yake wa pekee, Anthoula. Nasi tulimcheka kidogo tu, tena kwa wivu.

Kuna ngoma moja, hata hivyo, ambayo kwetu haichezewi wageni. Zeibekiko ni ya mtu mmoja. Mwenye jambo lake moyoni humwendea mpiga buzuki, ile ala yetu ya nyuzi, akamwagiza wimbo, akasimama katikati peke yake, mikono wazi, macho chini. Humchezea aliyekufa, au aliyemwacha, au ujinga wake mwenyewe. Wimbo ule ni wake na uwanja ni wake mpaka uishe. Rafiki anaweza kupiga goti pembeni akampigia makofi ya taratibu, basi. Zamani watu walichomana visu kwa sababu mtu aliingia uwanja usio wake, na wazee walipohukumu walisema aliyechomwa ndiye mwenye makosa.

Savvas aliitia hata hiyo kwenye maonyesho. Mhudumu mmoja alisimama katikati akijifanya ana huzuni, na buzuki ikianza tu, kazi ya Tsambikos ilikuwa kukamata mkono wa mgeni wa kwanza, naye wa pili, wa pili wa tatu, na kuwazungusha wote kumzunguka yule mhudumu huku wakipiga kelele na kurusha karatasi za kufutia mikono. Mwanzoni alifanya hivyo akitazama pembeni. Mwaka wa pili alikwishazoea.

Sasa, Tsambikos alikuwa na kumbare wake, Fanouris mwoka mikate. Kwetu, aliyemshika mtoto wako kwenye maji ya ubatizo ni ndugu kupita ndugu; mnaitana kumbare mpaka kaburini, na siku mtoto huyo akiolewa ni yeye atakayemvika taji la harusi kanisani. Fanouris alimshika Anthoula. Na Anthoula alikuwa aolewe vuli hiyo, wageni wakishaondoka.

Lakini Fanouris alikuwa kwenye msiba. Mwanawe Stergos alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, hoteli moja ilipokuwa ikiongezwa vyumba. Mwaka mzima redio ya duka la mikate haikuwashwa. Walipokwisha kugawa ngano ya kumbukumbu ya mwaka, ile ya kuchemsha yenye komamanga na sukari, mkewe Kalliopi alimwambia inatosha, twende tukale samaki kama watu. Wakaja kwa Savvas, mapema, kwa sababu mwoka mikate hulala na kuku, na kwa sababu kumbare wao ndiko alikokuwa.

Tsambikos aliwapangia meza mwenyewe, karibu na ukuta, mbali na kelele. Akawaletea bajia za dengu na mnanaa kwa mkono wake.

"Hizi ni zangu, kumbare. Usiguse mfuko."

"Nisiguse, lakini na wewe usiniletee zile sahani zako," Fanouris alisema. "Sitaki kuvunja kitu."

"Wewe ukikatwa kidole kesho tutakula mawe."

Kalliopi, ndani ya nguo zake nyeusi, alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akicheka tangu mazishi, na Tsambikos aliondoka pale moyo umemjaa. Akaingia jikoni kubadilisha shati lililolowa jasho.

Akiwa huko, Fanouris aliinuka. Alimwendea Nektarios, mpiga buzuki, akamnong'oneza. Ulikuwa wimbo ambao Stergos aliupenda, aliokuwa akiuimba alfajiri akiwasha tanuri. Nektarios aliinamisha kichwa, akaanza.

Mazoea yana taabu. Tsambikos alisikia mwendo ule wa pole, na kabla hajafunga vifungo miguu ilikwisha kumtoa nje. Akamkamata mkono mama mmoja mnene aliyeungua jua begani, naye akamvuta mumewe, mume akavuta watu wa meza nzima. Wakaja nyuma yake wakicheka.

Hapo ndipo alipomwona. Aliona bega la kulia lililoshuka kwa magunia ya unga. Aliona kisogo, na ule weupe kwenye mikunjo ya shingo usiotoka hata kwa sabuni. Alijua ni nani, na alijua wimbo ni wa nani. Alikuwa na nafasi ya kusimama. Angeweza kugeuka, akawaambia wageni wakae, akapiga goti.

Lakini nyuma yake palikuwa na watu wameshikana mikono, na pale kaunta Savvas alikuwa akizungusha kidole hewani: zungusha, zungusha. Tsambikos akajiambia, mzunguko mmoja tu, kumbare ataelewa. Akainua mkono, akapaza sauti ile ya kazi, "Opa!" na kuwaingiza uwanjani.

Fanouris alikuwa ameinama, mkono umekaribia kugusa sakafu. Alipoinuka alikuta kuta za watu wenye kaptura wakimzunguka. Karatasi ikamtua begani. Mzee mmoja akapachika simu mbele ya uso wake. Alisimama, mikono ikashuka taratibu, akatazama huku na huku kama aliyeamshwa akajikuta nyumba si yake. Nektarios aliacha kupiga, lakini wageni waliendelea kuzunguka kwa makofi yao wenyewe. Fanouris akapita katikati yao, tena akiomba radhi, akachukua koti lake kitini, akamshika Kalliopi mkono, wakaenda zao. Samaki alibaki mezani mzima.

Na Tsambikos? Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko yote. Hakuwafuata. Savvas alileta meza yenye kitambaa cha buluu, naye akaiinua kwa meno.

Walipokuwa wakikunja nyaya Nektarios alimwambia, bila kumtazama, "Ulikuwa wimbo wa mtoto wake."

"Sikumwona," Tsambikos alisema. "Taa zilikuwa usoni."

Taa zenyewe, jua lilikuwa halijazama, zilikuwa hazijawashwa. Lakini neno likishatoka halirudi, na hili lilipanda kilima mpaka kijijini kabla yake. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinamwonea huruma: maskini, hakumwona, kazi yenyewe ile. Kila aliyemtetea alimwongezea mzigo. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na hapa mwosha na maiti walikuwa mtu mmoja.

Akaacha kupita mbele ya duka la mikate. Alizunguka kwa njia ya kisimani, akanunua mkate wa plastiki dukani pwani, ule uliokatwa tayari. Mkewe Sevasti aliuweka mezani, akautazama kama panya aliyekufa.

"Nyumba hii tangu lini inakula sponji?"

"Duka lilikuwa njiani."

"Duka la kumbare wako nalo limehamia wapi? Sikiliza, baba Anthoula. Harusi imekaribia. Nani atamvika mtoto taji, Savvas?"

"Watu wanajua sikumwona. Taa..."

"Mimi nimekuuliza habari za taa?"

Anthoula alikuwa amesimama mlangoni, bado na sare yake ya hospitali. Alimtazama tu baba yake, kisha akachukua kipande cha ule mkate akakila, kikavu, chote. Tsambikos alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake akaenda. Alikusudia kusema kweli. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno: nilikuona, kumbare, nilikuona na nikaendelea. Fanouris alikuwa nyuma ya kaunta na aproni yake, anapanga mikate ya ufuta. Redio ilikuwa bado imezimwa.

"Kumbare," Tsambikos alianza. "Siku ile..."

"Siku ile hukuniona," Fanouris akamkatiza. Mikono yake haikuacha kupanga. "Wameniambia. Taa zilikuwa usoni."

Mficha uchi hazai, wanasema, na Tsambikos alilijua hilo. Mlango ulikuwa wazi, angeingia na kweli yake. Lakini aliona pia ule mlango mwingine aliofunguliwa, mpana, usio na maumivu, na Anthoula amesimama upande wa pili na taji kichwani. Akapita huo.

"Ndiyo," alisema. "Taa."

"Basi yamekwisha. Taji nitalivika mimi. Mwambie mtoto." Akamfungia mkate kwenye karatasi, akamsogezea. "Na uache kula takataka za pwani. Kijiji kizima kinanicheka kuwa kumbare wangu ananikimbia."

Tsambikos aliubeba mkate ule kifuani, bado moto, na njia nzima hakumsalimu mtu.

Harusi ilikuwa ya kupendeza. Niwe mkweli, tulikula mpaka tukafungua mikanda. Kanisani Fanouris alisimama nyuma ya maarusi, amevaa koti lilelile la siku ile, akabadilisha mataji juu ya vichwa vyao mara tatu, utepe mweupe katikati. Kalliopi aligawa vipande vya ufuta na asali. Watu waliwatazama wale kumbare wawili wakasema, tazama, ndivyo watu wazima wanavyomaliza mambo. Tsambikos alisikia, akatazama viatu vyake.

Uwanjani mwa kanisa, baada ya nyama, ngoma zikaanza. Nektarios ndiye aliyepiga, bila malipo. Na kama ilivyo ada, watu wakaanza kudai baba wa bibi harusi acheze ya kwake peke yake.

"Sina miguu leo," Tsambikos alisema.

"Ya Savvas unayo, ya mwanao huna?" akadakia mmoja, na meza zikacheka.

Nektarios akaanza zeibekiko. Tsambikos akasukumwa katikati. Watoto wakamkimbilia, vijana nao, marafiki wa bwana harusi kutoka mjini wakainua simu. Hapo Fanouris akainuka kwenye kiti chake. Hakupaza sauti.

"Tokeni," alisema. "Uwanja ni wake."

Wakatoka wote. Akafika mpaka ukingoni mwa duara, akakunja suruali kidogo, akapiga goti moja juu ya mawe, yeye na mgongo wake wa magunia, akaanza kumpigia makofi ya taratibu.

Tsambikos hakuweza kuinua mguu. Alimtazama mtu yule aliyepiga goti. Akamwendea, akainama mpaka sikioni mwake, kama anayemwomba wimbo.

"Nilikuona," alisema. "Siku ile. Nilikuona, kumbare, na nikaendelea."

Fanouris hakuacha kupiga makofi.

"Najua," alisema. "Jua lilikuwa bado juu. Cheza, mtoto anakutazama."

Akarudi katikati, akacheza. Hakuruka, hakuchuchumaa na kuinuka kwa mbwembwe kama afanyavyo pwani. Alizunguka tu pole pole, mikono wazi, na wimbo mzima hakuinua uso wake hata mara moja. Vikongwe walisogeza viti mbele. Mpaka leo watu wanasimulia kwamba siku ile Tsambikos alicheza kama wazee wa zamani, macho chini, kama inavyotakiwa. Yeye anajua hakuinua uso kwa sababu hakuwa na uso wa kuinua.