Siku Niliyong'oa Mpaka wa Bibi Kemilembe

Jamani, mkinikuta sokoni Muleba halafu mtu akaniita "Madam Mulamula", msicheke, au chekeni tu, maana jina hilo nimelitafuta mwenyewe, tena kwa jembe. Aibu ile ilinipata mbele ya mkuu wa shule, mwenyekiti wa kitongoji, wazazi na kidato cha pili kizima, na mimi ndiye niliyewaalika wote.

Nafundisha Uraia huku Kishanda, ila nimezaliwa na kukulia Kibeta, Bukoba mjini, na kwetu mpaka ni ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu (nasema mapema ili mnionee huruma kidogo). Nilikuwa nimechoka kufundisha wajibu wa raia ubaoni, watoto wananakili, wanakariri, wanafaulu, halafu wakitoka nje wanampita bibi aliyejitwika kuni kama hawamwoni. Nikamwomba mkuu wa shule aniruhusu niwatoe Jumatano mchana wakaitumikie jamii. Akasema, "Madam Zuhura, nakupa siku moja. Ikiharibika, mnarudi ubaoni." Nikamwambia haiwezi kuharibika. (Mdomo huu!)

Tukamchagua Bibi Kemilembe, mjane anayeishi peke yake jirani na shule, ambaye kibanja chake, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kilikuwa kimezidiwa na majani. Nilikuwa nimempa taarifa kwamba watoto watakuja kumsaidia, akasema karibuni, basi, sikumuuliza zaidi. Tulipofika alikuwa ameenda kwenye sala za jumuiya, nikaona afadhali, akirudi atakuta mambo mapya.

Sasa kosa lenyewe. Kabla hatujaanza watoto walikuwa na maswali, huyu anauliza tuanzie wapi, yule anauliza bibi amesemaje, mwingine tayari ananyoosha mkono, na mimi naona wageni watafika kazi haijaisha, nikapiga makofi nikasema kwa sauti ya kamanda, "Leo hakuna maswali! Midomo ifungwe, mikono ifanye kazi!" Wiki hiyohiyo nilikuwa nimewafundisha uhuru wa kutoa maoni. Nilikuwa nimewapa na zoezi, nikalisahihisha.

Pembeni mwa kibanja palikuwa na miti myembamba yenye majani marefu kama ya mahindi, inakwenda inapinda katikati ya migomba, na mimi kwa akili zangu za Kibeta nikaona ni kichaka cha kufugia nyoka. Nikawapanga wawiliwawili, kila jozi na kipande chake, nikasema ng'oeni. Wakanitazama, wakatazamana. Binti mmoja, Anitha, akanyoosha mkono, nami nikamwonyesha jembe. Akaushusha mkono, akang'oa. Tuling'oa yote, tukasawazisha udongo, tukatandika nyasi juu, pakapendeza hata nikapiga picha.

Wageni walipofika nikachukua mti mmoja, nikaunyanyua juu, nikaanza hotuba yangu. "Ndugu wazazi, huyu ndiye adui aliyekuwa anamsumbua bibi yetu!" Nilingoja makofi. Mwenyekiti akavua kofia kama yuko msibani. Na Bibi Kemilembe ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka jumuiya, akaona nilichoshika, akapiga ukelele wa Kihaya, "Mawe, mama yangu! Mulamula wangu!" akakaa chini palepale na kitenge chake cha kutokea.

Basi nikaelezwa, na watu wanne kwa pamoja, nusu Kihaya nusu Kiswahili, kwamba mulamula ndio mpaka na haung'olewi. Kwamba ile miti ilipandwa mbele ya mashahidi, baada ya ugomvi mrefu wa ardhi kati ya Bibi na shemeji yake, mzee Ta Byabato, ulioanza mumewe alipozikwa, na mashahidi wenyewe karibu wote wameshatangulia. Bila ile miti, kahawa zake za pembeni zingekuwa za yeyote mwenye sauti kubwa. Na Ta Byabato, ambaye sauti anayo, alikuwa amesimama upande wa pili anatutazama.

Nilitamani ardhi inimeze, ila hata hiyo ardhi haikujulikana tena ni ya nani.

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nikakimbilia kurekebisha, nikaomba kamba, nikaifunga mwanzo na mwisho, nikaanza kupanda mstari ulionyooka kama rula, na kamba ikapita katikati ya kahawa za Bibi.

"Hapohapo, mwalimu, umepatia!" Ta Byabato akasema, anafurahi waziwazi.

"Unanimaliza, mwanangu!" Bibi akalia. "Kwanza huo umeupanda kichwa chini!"

Mkuu wa shule akakohoa, akasema taratibu, "Madam, Jumatano ijayo mtakuwa darasani." Machozi yakanitoka mbele ya wanafunzi wangu, na sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na udongo.

Anitha akanyoosha mkono tena. "Madam, sasa tunaruhusiwa kuongea?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akawageukia wenzake. "Kila mtu arudi pale alipong'oa!"

Wakaenda. Huyu kando ya mgomba alikojikwaa, wale karibu na mti wa kahawa ambao matunda yake waliyala wakidhani sioni, na dakika chache baadaye kidato cha pili kilikuwa kimesimama katikati ya kibanja, mstari mzima, umepinda vilevile kama miti ilivyopinda. Mpaka ulikuwa umerudi, umevaa sare ya shule. Ta Byabato akaupitia mstari wote taratibu, akafika kwa kijana mmoja mdogo kuliko wote, akamshika bega, akamwambia asogee hatua moja.

"Hapana, waitu," yule mtoto akasema kwa heshima ya Kihaya. "Nilikuwa hapa. Sweta langu nilitundika kwenye mgomba huu, bado lipo."

Lilikuwepo kweli. Ta Byabato akalitazama lile sweta, akamtazama mtoto, halafu akaangua kicheko, na Bibi naye akacheka, kitenge chake kimejaa vumbi. "Mashahidi wetu walikuwa wazee, shemeji," akamwambia. "Hawa watatuzika sisi." Milamula ikarudishwa, mmoja kwenye miguu ya kila jozi (ni mti mgumu kufa, nashukuru), na mwenyekiti akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mashahidi wa mpaka ule ni watoto wa kidato cha pili.

Tulipokuwa tunakusanya majembe, Anitha akachuchumaa karibu na Bibi, akamuuliza swali ambalo mimi, mwalimu wa Uraia, sikuwahi kumuuliza. "Bibi, wewe mwenyewe ulikuwa unataka tukusaidie nini?"

"Maji tu, mjukuu wangu. Kisimani ni mbali na magoti yananiuma."

Mkuu wa shule alisikia. Jumatano iliyofuata alinikuta nimeshika chaki, akauliza kwa ukali mbona ndoo bado ziko stoo.

Mpaka leo tunatoka kila Jumatano, na nimeapa kwamba jembe halinyanyuliwi kabla mikono yote iliyo juu haijasikilizwa. Juzi maswali yalikuwa mengi, kukaingia jioni hatujafanya kazi yoyote. Nilikaa kwenye nyasi karibu na ile milamula, ambayo imechipua yote, hata ule niliouweka kichwa chini wakaugeuza, nikawasikiliza.