Siku Tuliyompita Fundi Shaame

Juzi kijana wa jirani alikuwa akiziba pancha chini ya dirisha langu, na ile harufu ya gundi ya viraka, kali halafu tamu kidogo, ikanijia nikiwa napepeta mchele. Nikauweka ungo chini. Sikuwa tena bibi wa watu na miwani yangu. Nilikuwa mtoto wa kike, nimekaa kwenye benchi la Fundi Shaame, Chake Chake, namsubiri baba.

Baba yangu, Faki, alikuwa mkulima wa kijiji cha Vitongoji, na baiskeli ndiyo iliyokuwa miguu yake. Muhogo ulikwenda mjini juu ya keria, na sisi watoto vilevile. Ikiharibika, ilipelekwa kwa Fundi Shaame, ambaye duka lake lilikuwa mwanzo wa njia ya kwetu. Huko baiskeli haikuguswa kwanza. Kwanza aliulizwa mtu: mama hajambo, watoto je, ng'ombe keshazaa? Mikono ya fundi ilikuwa myeusi kwa grisi, basi akusalimupo alikupa kifundo cha mkono ukishike, usije ukachafuka. Mimi nilikishika kwa heshima zote, kama ndivyo wanavyosalimiana watu wakubwa.

Siku moja mguu wangu uliingia kwenye spoki, kisigino kikachunika. Fundi Shaame alikiona kidonda. Akakata vipande vya chuma, akavikunja, akavizungushia mpira wa tyubu kuukuu, na kuvikaza pande mbili za gurudumu la nyuma.

"Bi mdogo," akaniambia, "hapa ndipo pako. Weka miguu, usiogope."

Hakuna aliyemwomba. Nilijiona kama nimejengewa nyumba.

Kisha zikaja zama za siasa za vyama. Nyinyi mliozaliwa baadaye mtadhani nazua, lakini watu walisusiana maduka, wakasusiana visima, hata maziko. Fundi Shaame alikuwa upande mwengine, si wetu. Wanaume wa kijijini wakakata shauri kwamba hapana mtu wetu kupeleka baiskeli kwake. Baba hakupinga. Sisi watoto tukatunga wimbo wa kumcheka fundi, na mimi niliuimba nikiwa juu ya keria, miguu yangu imetulia kwenye vyuma vyake.

"Basi, mwanangu," alisema baba bila kugeuka.

Mdogo wangu Hamadi akashikwa na homa. Baba alitupakia sote wawili, mimi nyuma nimemkumbatia mgonjwa, akatupeleka hospitali ya Chake. Tulirudi mchana na chupa ya dawa, na mtoto bado anachemka kama chungu. Tulipofika usawa wa duka la Fundi Shaame, gurudumu la nyuma likatoa pumzi zote.

Ng'ambo ya njia, barazani, walikaa wanaume wa kwetu wakinywa kahawa. Wote wakatugeukia. Fundi Shaame akainuka na pampu mkononi, akaja mpaka ukingo wa njia.

"Bwana Faki, usinisemeshe mie," alisema kwa sauti ya chini. "Nipe gurudumu tu. Mtoto mgonjwa huyo."

Baba alitazama barazani. Akautazama mchanga. "Ahsante," akasema, "twenda zetu." Akaanza kuikokota baiskeli, Hamadi amelazwa juu ya keria, mimi nimemshika asianguke. Jua lilikuwa la utosini. Nilimsikia baba akihema, nikadhani ni mzigo.

Tulikuwa tumeshapita kona, baraza haionekani tena, tuliposikia kengele nyuma yetu. Alikuwa Fundi Shaame juu ya baiskeli yake mwenyewe. Akashuka, akamnyanyua Hamadi kutoka kwenye keria yetu na kumweka kwenye yake.

"Chukua hii. Yako naizungusha kwa njia ya mashambani. Kesho alfajiri tukutane hapa hapa, kila mtu achukue chake."

Pale, kwa kuwa hapakuwa na jicho la mtu, baba alikubali. Alitaka kumpa mkono. Fundi akampa kifundo.

Hamadi alipona. Siku ya pili wanaume walimuuliza baba baiskeli kaitengeneza wapi. "Nimeziba mwenyewe," akajibu. Wakamsifu. Na mimi, niliyejua kila kitu, nilimwona baba yangu mjanja kuliko wote.

Haukupita muda mrefu, baba akavaa kanzu yake ya Ijumaa siku isiyokuwa Ijumaa. Akajaza pakacha la matunda ya shokishoki, akanipakia, tukaenda Chake mchana kweupe. Tulipita mbele ya baraza ile ile; baba akatoa salamu, hakusimama. Duka la Fundi Shaame lilikuwa limepigwa mbao.

Muuza kahawa akatwambia, "Kahama. Kapanda meli ya Tanga na wanawe. Angekaa afanye nini, wateja hana?"

Baba aliusogelea mlango. "Hodi, fundi," akasema, kama vile hakusikia. Akangoja. Akaliacha pakacha kizingitini, tukarudi. Njia nzima nilinung'unika kwa zile shokishoki.

Tangu siku hiyo hakupeleka baiskeli kwa fundi yeyote. Aliziba mwenyewe, na viraka vyake vilibanduka kabla hatujafika nusu ya njia. Mama akimwambia mafundi wapo tele, alijibu kwamba baiskeli yake anaijua yeye. Nilidhani ni ubahili, na nikawatangazia wenzangu hivyo.

Nyumbani tulikuwa na bibi, mama yake baba, hajiwezi kitandani, na aliyesusiwa kijijini alizika peke yake. Hilo ndilo lililomtisha baba, nami sikulijua. Nilikuja kulijua nikiwa mke wa mtu, nami nimeshajifunza kuwapita watu wema kwa kuogopa waliokaa barazani. Ndipo nilipofahamu kwamba baba hakuweza tena kukaa kwenye benchi la fundi yeyote na kuulizwa habari za nyumbani kwake.

Wakati ule wa utoto nilimwona ameinama peke yake uani, anapiga pampu mpaka mishipa ya shingo inamtoka, machozi yanamlenga. Nikadhani amekasirikia baiskeli.