Nani Ameshika Chumvi?

Kompyuta ya Wakonyo ilikuwa na kitambaa chake. Alikifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, maua ya manjano pembeni, na kila jioni aliifunika nacho kama mtu anayefunika mkate wa kesho. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amepiga chapa katika kiwanda cha nguo kule Thika. Kiwanda kilipofungwa, alirudi Mugutha na vidole vyake, akanunua mashine moja iliyotumika na printa moja, akafungua duka kati ya kinyozi na muuza mboga. Ubao wa nje ulisema: TUNAPIGA CHAPA NA KUTENGENEZA PROGRAMU.

Alimaanisha programu za karatasi, za harusi, za ubatizo na za mazishi. Siku moja aliingia kijana akauliza kama anatengeneza programu za simu, na Wakonyo akamwonyesha ya mazishi ya chifu mstaafu, kurasa kumi na mbili za rangi, ajionee ubora wa kazi.

Programu zile nyingine, za ndani ya mashine, hakuziagiza. Zilimjia kama zawadi. Muriithi, ndugu ya mumewe, alisikia kwamba flashi za wateja huleta virusi, akaja Jumapili moja baada ya chai akaweka mlinzi. Kagwe, kiongozi wa kwaya kanisani, aliposikia hivyo alisema mlinzi huyo ni wa kulala kazini, akaweka wake. Wa Muriithi hakuondolewa, kwa maana ni nani atupaye zawadi ya shemeji? Kulikuwa pia na mlinzi wa tatu aliyezaliwa pamoja na mashine, lakini huyo alikuwa na adabu. Alipoona wageni wameingia, alikaa kando mwenyewe.

Tangu hapo mashine ikawa nzito. Ukiiwasha, ungechemsha chai, uinywe na kuosha kikombe kabla haijafunguka. Wakonyo hakulalamika. Alijiambia kwamba lango lenye kufuli mbili halifunguki haraka.

Alhamisi moja asubuhi Aoko alikuja na flashi ndogo ya buluu, ameifunga kwenye pindo la leso. Binti yake Cindy alikuwa anaolewa Jumamosi. Programu ya harusi ilikuwa tayari, imebaki picha moja tu, ya Oluoch, babake Cindy, aliyefariki msichana akiwa darasa la nne. Ile ya karatasi ilinyeshewa siku waliyohama kutoka Kahawa Sukari, ikabaki nakala iliyokuwa katika flashi hiyo.

"Ukurasa wa pili, Mama Emmah," Aoko alimwambia Wakonyo. "Pale ambapo angesimama."

Wakonyo alichomeka flashi. Papo hapo vibao viwili vyekundu viliruka kwenye kioo. Kimoja kilisema kimemkamata adui. Cha pili kikasema ni chenyewe kilichomkamata. Cha kwanza kikarudia. Kisha kila kitu kikaganda, na kile kiduara cha kungoja kikazunguka kama kuku asiyejua pa kutagia. Baada ya muda mrefu kabati la mafaili ya flashi lilifunguka kwenye kioo likiwa tupu.

Aoko alitazama ule weupe.

Wakonyo alinyoosha mkono kuichomoa flashi, akajizuia. Alimpigia simu Nzioki, fundi wa Thika aliyefanya kazi naye kiwandani, akaweka sauti ya nje ili Aoko naye asikie. Nzioki alimwambia asichomoe chochote kwanza. Azime mashine taratibu, ndipo aitoe. Kisha akauliza ni walinzi wangapi waliomo humo.

"Wawili. Na wa tatu aliyejiuzulu."

Nzioki alicheka mpaka akakohoa. Akaeleza kwamba kila kinachoingia, wote wawili hukishika kwa wakati mmoja, huyu akivuta kichwa na yule mkia. Kibaya zaidi, mmoja akimfungia adui karantini, mwenzake huipekua karantini hiyo, akamwona adui ndani na kuanza vita upya. Amwondoe mmoja.

Hapo Wakonyo akapiga hesabu. Kumwondoa wa Muriithi kungemfikia mama mkwe kabla ya chakula cha mchana. Kumwondoa wa Kagwe kungeimbwa Jumapili.

Ndipo Aoko akauliza: "Kwani nani ameshika chumvi hapo?"

Wakonyo aligeuka kumtazama. Wote wawili walikuwa katika kikundi cha akina mama wapishi. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti ya Karanja, Wakonyo alitia chumvi mchuzini, naye Kui, mpishi mwenzao, asijue, akatia tena. Wageni walimaliza kreti za soda kabla ya hotuba ya kwanza. Tangu siku hiyo kikundi kina sheria. Mshika chumvi ni mmoja, naye hufunga kitambaa chekundu mkononi. Mwingine huonja, tena akiitwa.

"Nzioki," Wakonyo akasema, "naweza kumwacha mmoja bila chumvi? Awe wa kuonja tu?"

Nzioki alisema hata yeye asingelieleza vizuri hivyo. Azime ulinzi wa kudumu wa mmoja, abaki wa kuitwa kukagua. Na kila mmoja aambiwe, huko kwenye mipangilio, asipekue mfuko wa mwenzake.

Wakonyo alimwachia wa Kagwe chumvi, kwa sababu alikuwa mwepesi. Mashine ilipowaka tena, chai haikupata hata kuchemka. Flashi ikarudi, kibao kimoja kikaruka, adui mmoja akafungwa. Kabati lilikuwa bado tupu, lakini Nzioki alimwambia aruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, maana kirusi hicho huficha vitu vya watu na kuacha vivuli vyake mlangoni, na mlinzi huondoa vivuli tu.

Oluoch akatokea. Alikuwa ameegemea baiskeli, jicho moja limefumbwa kwa jua, anacheka.

"Nilimwambia apige nyingine, jicho wazi," Aoko alisema, kidole karibu na kioo bila kukigusa. "Akakataa. Akasema hii inamtosha."

Kabla ya kitu kingine chochote, Wakonyo alitoa nakala mbili.

Jumamosi, nyuma ya hema, Kui alikuwa na kitambaa chekundu mkononi naye Wakonyo ana kijiko. Muriithi alipita, programu ya harusi mkononi, akauliza kama mlinzi wake bado yuko kazini.

"Yuko, shemeji. Amepandishwa cheo. Sasa ni mwonjaji."

Muriithi akaondoka kifua mbele. Haukupita muda, Kagwe akaja na sahani yake, uso umekunjamana, kuuliza ni kosa gani mlinzi wake amefanya hata asipandishwe.

Wakonyo alionja mchuzi.

"Wako," akamwambia, "ndiye ameshika chumvi."