Mkono wa shangazi na presha iliyokataa kushuka

Wakuu, sasa. Hii nawaambia vile ilikuwa, sijaongeza chumvi. Kama huamini pita tu bana.

Mama alifariki nikiwa na miaka sita, nikapelekwa kwa shangazi huko Kabuchai. Hiyo ni eighties.

Shangazi hakuwa mtu wa kelele. Ukikosea anakushika hapa juu ya kiwiko, anafinya, ananyamaza. Fimbo inaweza kuja saa hiyo, ama baada ya chakula, ama isikuje kabisa.

Afadhali fimbo. Kungoja ndiko kulinimaliza.

Miaka ya tisini nikaolewa Kitale. Mtoto wa kwanza alifia tumboni, miezi saba. Hospitali wakasema ni presha. Na nilikuwa msichana tu, si hata mnene.

Mimba ya pili nilienda kliniki. Niliogopa huyu naye ataenda.

Sister, nesi wa hapo, akanifunga kile kitambaa cha kupima presha kwa mkono. Kikaanza kufinya.

Wakuu, mkono ule mwingine uliinuka wenyewe ukafunika uso. Sikuuinua mimi.

Presha ilikuwa juu sana. Sister, mama mzee wa Sirisia, akafungua kitambaa, akavuta kiti, akauliza pole pole, "Ni nani alikuwa anakushika hapo?"

Nikasema hakuna mtu. Halafu nikalia mpaka foleni yote ikageuka kuniangalia.

Akapima tena baadaye. Ilishuka kidogo, lakini bado ilikuwa mbaya. Akasema mtu akikua akingoja kupigwa, mwili haujifunzi kupumzika.

Siku hizi nasoma ati kuna homoni za stress, cortisol na wenzake. Mtoto akiishi na hofu zinaweza kupoteza mpangilio, na ukubwani moyo ndio unaumia. Sister alijua bila kusoma hayo.

Nikalazwa. Kila siku nahesabu mateke ya mtoto. Yakinyamaza, nashika ukuta.

Alizaliwa mapema, kadogo, lakini hai. Akilia namwinua. Mama mkwe akasema, "Unaharibu huyo mtoto."

Nikamwambia, "Mama, wacha aharibike."

Shangazi alishazikwa. Mwili wangu haujaambiwa, dawa ya presha nameza mpaka leo. Kwa hivyo msiseme mtoto atasahau.

Kama na wewe mwili wako bado unaogopa mtu ambaye hayuko, andika hapa chini, nitasoma yote.

Lakini kama kuna mtoto analia hapo kwako saa hii, weka simu chini kwanza umwinue. Uzi hautahama.