Vijiti Kumi na Viwili vya Mkomamanga wa Mama

Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu kutoka kwetu Mkata, Handeni, kunijulisha, kwa furaha kabisa, kwamba mkomamanga wa marehemu mama unang'olewa. Anajenga fremu mbili za maduka pale uliposimama.

"Dada, mti wenyewe umeshazeeka," akasema.

Nikamwambia na mimi nimezeeka, basi akimaliza hapo apande basi na shoka lake aje huku kwangu Masuguru. Akacheka. Mimi sikucheka. Mama yetu hakuacha picha hata moja. Kanga zake ziligawanywa, zikavaliwa, zikachakaa. Kitu pekee alichokigusa kwa mikono yake na bado kilikuwa hai, ukinitoa mimi na huyo mjenzi wa fremu, ni mti ule.

Hapa Masuguru, mjini Korogwe, sina shamba. Nina ua wa kuanikia nguo na wa kupitishia kuku wa jirani. Mjukuu wangu wa kike, ninayeishi naye, anauza dawa za mifugo katika duka moja la Mombo, na kwenye simu yake anasoma mambo. Ndiye aliyeleta elimu.

"Bibi, tukate vijiti, tuvioteshe kwenye makopo. Kimoja kikishika tukifanye bonsai."

"Bonsai ndiyo nini?"

"Mti unaotunzwa ubaki mdogo, unakaa kwenye chungu. Unapunguzwa mizizi, matawi yanafungwa waya. Unaweza kuishi miaka mingi kuliko wewe."

Nikamshukuru kwa kunipimia siku zangu. Mimi tangu utotoni Handeni nimemwomba Mungu mimea irefuke. Hindi likifika kiunoni, ilikuwa sherehe. Kumbe kuna watu duniani wameshiba, mpaka wanakesha kuhangaika mti usikue. Lakini nilikuwa na njia gani nyingine? Kesho yake tukapanda basi la Mkata.

Mjukuu alikata vijiti kumi na viwili, unene wa penseli. Kila akikata kimoja anafuta kisu kwa spiriti, utadhani anataka kumdunga mtu sindano. Nikamwambia mimi nimekata pingili za muhogo kwa panga lenye matope, nikachomeka ardhini, nikaenda zangu nyumbani, na zikaota.

"Ndiyo maana nyingine zilikuwa zinaoza, Bibi."

"Na wewe ulinenepeshwa na nini, mke mwenzangu? Spiriti?"

Akavifunga vijiti kwenye gazeti bichi, tukarudi navyo. Wiki hiyohiyo mti ukang'olewa. Kwa hiyo hapakuwa na kurudi kukata vingine. Mama yangu sasa alikuwa vijiti kumi na viwili, basi.

Nyumbani ikaanza kazi ya hospitali. Mchanga wa mtoni tuliuosha mpaka maji yakatoka meupe, kisha tukaumwagia maji yanayochemka.

"Kuna vimelea humo, Bibi. Fangasi."

"Fangasi ninaowajua mimi wanakaa katikati ya vidole vya wanaume wanaovaa raba."

"Hao hao, wana ndugu zao. Kijiti ambacho hakijatoa mizizi ni kama mtu mwenye kidonda. Ukungu unaingilia pale kilipokatwa, kinaoza kutoka chini kwenda juu."

Mdalasini wangu wa pilau ukasagwa, ukapakwa kwenye vidonda. Majani ya chini yakaondolewa yasigusane na mchanga. Kila kijiti kikapewa kikopo chake cha majarini kilichotobolewa matundu chini, ili mgonjwa mmoja asiambukize wenzake. Kila kimoja akakifunika kwa nusu ya chupa ya maji, kiwe na unyevu, na asubuhi na jioni nizifunue chupa vijiti vipate hewa. Watoto wangu saba hawakutunzwa hivyo, na wote wana meno.

Amri kubwa ilikuwa moja: nisimwagilie mpaka nichomeke kidole kwenye mchanga nikute umekauka. Akavipanga uani, chini ya upenu penye kivuli, akaenda zake Mombo kuuza dawa ya kupe. Nesi nikabaki mimi.

Nilifunua na kufunika. Nilichomeka kidole kila siku. Mchanga ulikuwa mbichi kila siku, nami sikumwagilia, nikajisifu kwa utii wangu. Siku ya tisa nikakuta vijiti vitatu vimekuwa vyeusi chini, vimezungukwa na kitu cheupe kama pamba. Mjukuu akavitoa pamoja na mchanga wake, akavitupa mbali, akaosha makopo.

"Bibi, unamwagilia?"

"Mimi? Umeniona mtoto?"

"Mbona mchanga umelowa chapachapa?"

Wiki iliyofuata vikafa vinne. Nikasema haiwezekani, kuna mkono wa mtu. Na mtu niliyemfikiria kwanza alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kisambaa kutoka milimani, ambaye kila asubuhi hupiga mswaki palepale uani. Nikamsubiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, mti wa mama yangu si mahali pa kutemea."

Akashika mswaki wake akanitazama. "Bibi, mimi natemea kwenye karai langu."

"Basi karai lako linatembea."

Akachukua karai lake akaondoka. Mtoto wa watu ana adabu. Kuanzia siku hiyo akawa anapigia mswaki mbele ya nyumba, barabarani, wapita njia wakimwangalia, nami nikaona hiyo ndiyo ishara ya mwenye hatia. Vijiti havikupata habari kwamba mhalifu ameshahamishwa. Vikafa vingine vitatu.

Vikabaki viwili.

Jumapili moja mjukuu hakwenda kazini. Alikuwa ameketi kwenye mkeka uani anachambua mchele, na alasiri ilikuwa imeingia. Nikachukua birika langu la plastiki, nikatawadha: mikono, uso, kichwa, nikamalizia miguu. Nikanyanyuka.

"Bibi! Mkono wako!"

Nikadhani nyoka. Nikautazama mkono. Ulikuwa umeinua chupa ya kwanza, na birika limeinama, maji yaliyobaki ya udhu yanashuka taratibu kwenye kikopo.

Sikumbuki kuamua kufanya hivyo. Naapa sikumbuki. Kule tulikokulia, maji ya lambo yalikuwa ya mwendo wa asubuhi nzima, ndoo kichwani. Maji yaliyomwogesha mtoto yalifulia nguo, na yaliyobaki kwenye udhu hayakumwagwa chini hata kidogo. Mama angekuuliza hiyo israfu umefundishwa na nani. Yalimwagwa kwenye mkomamanga. Mara tano kwa siku, watu wazima sita, na jua la Handeni likiyanywa kabla hayajafika kwenye mizizi. Hapa Korogwe mto uko jirani, hewa yenyewe nzito kama shuka lililofuliwa, na mimi mara tano kwa siku nilikuwa nalizamisha kopo dogo la majarini kwa thawabu.

Mjukuu alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Kumbe fangasi wako wanaswali!"

"Kaa kimya, okota mchele."

Jioni ile tulibadilisha mchanga wa vile viwili, tukavihamishia ndani, juu ya kabati, ambako siwezi kutawadha hata nikitaka. Kisha nikapika bada, ugali wetu wa muhogo, na kisamvu, nikampelekea mwalimu mlangoni kwake.

"Mwalimu, lile karai lako halitembei."

Akapokea sahani kwa mikono miwili. "Sasa nani alikuwa anamwagilia, bibi?"

"Kuna bibi kizee mmoja hivi. Hasikii la mtu."

"Mtamfukuza?"

"Tumeshindwa. Nyumba ni yake." Nikatazama chini. "Nilikukosea, mwanangu. Rudi uani."

Kijiti kimoja kilikufa hata hivyo, baada ya siku nne. Kilichobaki kilikaa bila jani wala habari, kwa muda mrefu kiasi kwamba niliacha kukisogelea mchana, nikawa nakisikiliza kwa mbali kama mgonjwa wa chumba cha pili. Kila asubuhi mjukuu alifunua chupa, akanusa, akafunika.

Wiki ya saba palitokea kitu chekundu ubavuni mwake, kidogo kuliko punje ya ulezi. Siku chache baadaye kikawa majani mawili. Mjukuu akakishika kijiti kwa vidole viwili, akakivuta kidogo juu.

"Bibi, kinagoma! Kimeshika! Njoo uvute uone."

Nikasogea. Sikuvuta. Nilimpiga kofi mkononi.

"Kiache," nikamwambia. "Si jino."